Gari bovu Nakivale, spea Mbarara: mwongozo wa kufungua gari lenye kutu

Gari kuukuu lililolala kando ya gereji katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, si takataka. Injini, giaboksi, vioo na taa zake huweza kupata mnunuzi Mbarara, na kutoka hapo kuendelea hadi Rwanda, Tanzania au Kongo. Lakini gari hilo hilo laweza kumeza mtaji wa mfanyabiashara akilinunua bila kupiga hesabu, au akipakia vitu ambavyo forodha hairuhusu. Yafuatayo ni mambo ya msingi kwa anayetaka kuingia katika biashara hii.

KWA NINI NAKIVALE NA MBARARA

Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi kutoka Rwanda, na ni moja ya makazi ya zamani zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Leo ina watu zaidi ya 100,000, wengi wao Wakongomani, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kusafiri ndani ya nchi.

Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, ndiyo njia panda ya magharibi. Mzigo unaotoka Mombasa na Kampala huachana hapo: barabara moja inakwenda Kabale hadi Katuna mpakani na Rwanda, nyingine inapita Ishaka kuelekea Mpondwe mpakani na Kongo, na ya tatu inapita Isingiro hadi Kikagati mpakani na Tanzania.

Sheria nayo imechangia. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Magari ya zamani yaliyokwisha kuingia yanaendelea kutembea, ila mengine ya aina hiyo hayaji tena. Spea zake zinazidi kutafutwa humu humu ndani.

HESABU KABLA YA SPANA

Tuseme, kwa mfano tu, gari limenunuliwa shilingi 2,500,000 za Uganda. Fundi na msaidizi wake ni 200,000, na kulisafirisha hadi Mbarara ni 300,000. Gharama yote ni 3,000,000. Injini na giaboksi zikiuzwa 1,800,000, vitu vidogo 900,000 na chuma kilichobaki 200,000, mapato ni 2,900,000. Hiyo ni hasara ya 100,000, na bado hujahesabu miezi ambayo milango na viti vitakaa stoo vikisubiri mteja.

Kanuni ya tahadhari ni hii: spea zinazouzika haraka zirudishe gharama yote, na zinazokaa ndizo ziwe faida. Katika mfano wetu, toa 500,000 za fundi na usafiri kutoka 1,800,000. Bei ya juu ya kununulia gari ni 1,300,000. Zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Angalia pia aina ya gari. Spea inayoingia magari mengi haikosi mteja. Injini ya Toyota 5A-FE, kwa mfano, ilifungwa katika Corolla na Carina za miaka ya 1990, na injini za dizeli za 2L, 3L na 5L zimebeba Hiace nyingi za abiria.

KUTU INAHARIBU NINI

Kutu ya juu juu kwenye milango si shida kubwa. Kutu iliyokula chesisi, sakafu na sehemu zinazoshika shokapu inamaanisha bodi ni chuma chakavu tu. Hata hivyo, bodi iliyooza haimaanishi injini imekufa. Pima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kuishusha. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi takriban paundi 15. Ikizidi, nunua kwa bei ya injini mbovu.

Injini isiyowaka kwa sababu ya betri, ikinywesha oili kidogo kwenye silinda na kuzungushwa kwa mkono, itakuonyesha kama imeshika au la.

UTARATIBU WA KUFUNGUA

1. Chomoa betri, ukianza na waya wa hasi. Kama gari lina mifuko ya hewa, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa usukani au dashibodi.

2. Toa petroli au dizeli, oili, maji ya rejeta na mafuta ya breki, kila kimoja katika chombo chake. Usimwage chini. Ziwa Nakivale ni sehemu ya ardhioevu ya Mburo-Nakivali, inayolindwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2006.

3. Ng'oa vitu vinavyovunjika au kuibwa upesi: taa, vioo, redio, kompyuta ya injini, altaneta na stata. Waya usikatwe karibu na soketi, maana mnunuzi anataka soketi nzima.

4. Nati zilizoshikwa na kutu zipake mafuta mepesi zilale usiku kucha. Kesho yake zungusha mbele na nyuma kidogo kidogo. Moto wa gesi utumike tu mbali na tangi na mabomba ya mafuta.

5. Shusha injini na giaboksi pamoja na viegemeo vyake. Ziba matundu yote kwa kitambaa au nailoni ili vumbi la njiani lisiingie.

6. Maliza na milango, difu na mfumo wa chini. Bodi iwe ya mwisho.

Mabomba ya breki, mikanda ya usalama, mifuko ya hewa na mipira iliyochakaa visiuzwe kama spea. Abiria kumi na wanne wanategemea breki ya Hiace moja.

MPAKANI

Kwanza, upande wa usukani. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto, Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Dashibodi, raki ya usukani na mitambo ya waipa ya gari la usukani wa kulia haiingii katika gari la usukani wa kushoto. Hata taa za mbele zitammulika anayekuja. Injini nyingi, vioo vya milango na altaneta hazina tatizo hilo.

Pili, vitu vilivyozuiwa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inapiga marufuku kuingiza tairi kuukuu za magari madogo. Betri kuukuu za gari na chuma chakavu ni bidhaa za kibali zinapopelekwa nje.

Tatu, cheti rahisi cha uasili, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Spea iliyotengenezwa Japani haihusiki, hata kama imeng'olewa Nakivale.

Nne, mkimbizi anayetaka kuvuka mpaka anahitaji hati ya kusafiria, na kurudi nchi aliyoikimbia kunaweza kugusa hadhi yake. Salama zaidi ni kuuza Mbarara na kumwachia mfanyabiashara mwingine safari ya mpakani.

KARATASI

Hakikisha namba ya chesisi na ya injini zinalingana na kadi ya gari, na andikianeni mkataba wenye majina, tarehe na namba hizo. Gari lenye namba za nchi nyingine lililoingia kwa kibali cha muda, au la shirika lililosamehewa ushuru, lisiguswe kabla ushuru wake haujalipwa. Anayenunua injini naye adai risiti yenye namba ya injini, kwa kuwa bila hiyo hataweza kueleza mbele ya polisi au forodha alikoitoa.