Saruji ya Mavi ya Chuma na Alikali
Saruji ya mavi ya chuma na alikali ni saruji isiyohitaji klinka ya saruji ya kawaida. Mavi yanayotoka kwenye tanuru la kuyeyushia chuma hupozwa ghafla kwa maji, yakawa chenga kama za kioo. Chenga hizo husagwa, kisha huamshwa kwa hidroksidi ya sodiamu au silikati ya sodiamu. Viktor Glukhovsky aliiendeleza mjini Kyiv tangu miaka ya 1950.

Tabu yake ni rojo. Likiamshwa kwa silikati huweza kutiririka kama uji mwepesi, na dakika chache baadaye likashika ghafla, mwiko ukakwama. Fundi asiyelijua hukimbilia ndoo ya maji, na hapo ndipo anapoidhoofisha zege yake. Kumbe rojo halijaganda: kalisi iliyotoka kwenye mavi imekutana na silikati iliyomo majini, ikafuma jeli changa kati ya punje. Dawa mojawapo, ajabu, ni kuendelea kukoroga. Jeli hukatika, rojo likalegea tena.

Vilainisho vya zege vilivyozoeleka havifui dafu hapa; vingi, hasa vya polikaboksileti, hupoteza nguvu katika alikali yenye pH inayozidi 13.