Kandanda na Karo katika Mitaa ya Eastlands

Wamarekani, ambao vyuo vyao hujenga viwanja vya kukalisha halaiki, huamini kwamba timu ishindayo huvuta wanafunzi, na aghalabu hutoa ushahidi wa mwaka 1984, Doug Flutie wa Boston College alipourusha mpira wa Kimarekani sekunde za mwisho, timu yake ikaishinda Miami, na maombi ya kuingia chuoni humo yakafurika.

Huku kwetu Eastlands, mashariki mwa Nairobi, itikadi hiyo haikupata nafasi, kwa kuwa sekondari ya serikali ilikuwa ikigawiwa wanafunzi na wizara hasa kwa mujibu wa alama za mtihani, wala kikombe kilichokuwamo kabatini mwa mwalimu mkuu hakikuiongezea darasa hata moja. Sekondari ya Kamukunji iliwasomesha ndugu wawili waliokulia mtaa wa Muthurwa: McDonald Mariga, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, akiwa na Inter Milan mwaka 2010, na Victor Wanyama, aliyetangulia Wakenya wote katika Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2013, lakini fahari ni jambo moja, na hazina ya shule ni jambo jingine.

Fedha za karo ziliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1987, katika zama ambazo serikali ilikuwa ikielekea kuwatwika wazazi sehemu kubwa zaidi ya gharama za elimu, Mkanada Bob Munro na vijana wa mtaa wa Mathare waliasisi chama cha michezo, MYSA vinywani mwa watu, kilichoweka sharti la ajabu kidogo: timu iliyozoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa wake ilipata pointi sita katika msimamo wa ligi, ilhali ushindi uwanjani ulileta tatu tu. (Nani angethubutu kuzipa sharti hilo klabu zetu kubwa?) Fauka ya hayo, vijana waliojitolea kufundisha watoto, kuamua mechi na kusimamia usafi walijikusanyia pointi zao wenyewe, na waliotia fora walipewa tuzo ya uongozi, ambayo fedha zake zilipelekwa shuleni kulipia karo. Kwa hiyo mfungaji hodari asiyeshika ufagio angeweza kukosa, na refa wa watoto, asiyejulikana hata mtaa wa pili, akapata. Nami naona hiyo ni insafu zaidi kuliko ufadhili wa kimichezo wa Kimarekani, umpao mwenye miguu tu.

Mathare United, timu iliyozaliwa na chama hicho mwaka 1994, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008, mwaka ule ule serikali ilipoanza kuilipia kila sekondari ya umma shilingi 10,265 kwa mwanafunzi mmoja. Hata hivyo sare, chakula cha mchana na ada za majengo zilibaki mabegani mwa mzazi, hivyo tuzo hazikukosa kazi.