Bilauri kutoka Nchi ya Zanji

Sisi wa Kibaha na Kisarawe twanywa maji kwa bilauri. Neno hilo ni la Kiarabu, na asili yake ni jiwe angavu kama maji. Katika karne ya 11 al-Biruni aliandika kwamba jiwe hilo lilitoka visiwa vya Zanji, pwani yetu hii, likachongwa Basra. Birika la jiwe la aina hiyo limehifadhiwa katika Basilika la Mtakatifu Marko, Venice. Limechongwa jina la Khalifa al-Aziz (975–996), mchimbaji hatajwi. Vivyo hivyo tanzanaiti, iliyogunduliwa Mirerani mwaka 1967, kwa miaka mingi ilikatwa na kung'arishwa Jaipur, India. Basi tuwafundishe vijana wetu kusugua jiwe kwa subira, ili sifa ya jiwe imrudie aliyelichimba.