Ngozi Ndani ya Daftari

Shule zinapofunguliwa Januari, wazazi wa Mpanda, mkoani Katavi, huingia madukani kununua madaftari, na hakuna anayewaza kwamba ameomba ngozi ya mbuzi. Neno lenyewe lina asili hiyo. Wagiriki wa kale waliita ngozi iliyotengenezwa *diphthera*. Waajemi wakalifanya *daftar*, Waarabu wakalipokea, na biashara ya baharini ikalifikisha pwani yetu. Herodoto, mwanahistoria wao wa karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia kwamba Waionia waliendelea kuviita vitabu vyao "ngozi" hata baada ya kuanza kutumia mafunjo, kwa kuwa zamani mafunjo yalipoadimika waliandikia ngozi za mbuzi na kondoo.

Karatasi nayo ina ukoo wake. Waarabu walisema *qirtas*, kutoka Kigiriki *khartes*, yaani ukurasa wa mafunjo. Kwa hiyo mtoto anayechana karatasi kwenye daftari lake, tukifuata nasaba ya maneno, anachana mafunjo kutoka kwenye ngozi. Mwalimu akimwadhibu, na amwadhibu kwa kosa hilo pia!

Kwa ngozi hiyo ya kuandikia Kiswahili hakina jina la pekee. Watafsiri wa Biblia walipofika pale Paulo anapomwagiza Timotheo amletee vitabu vyake, walisema "ngozi" tu, na kwa maoni yangu hawakukosea. Ulaya iliiita kwa jina la mji wa Pergamo, leo Bergama nchini Uturuki. Plinio, mwandishi wa Kirumi, alidai kwamba mfalme wa Misri, kwa kuonea wivu maktaba ya Pergamo, alizuia mafunjo yasiuzwe nje, ndipo watu wa mji ule wakabuni ngozi. Hadithi tamu, ila Wamisri wenyewe walikuwa wakiandikia ngozi zaidi ya miaka elfu moja kabla ya hapo. Pergamo huenda iliboresha ufundi na kuueneza.

Ufundi wenyewe mtu wa Katavi angeuelewa upesi. Ngozi ya mbuzi, kondoo au ndama hulowekwa katika maji ya chokaa, manyoya yakakwanguliwa, kisha ikawambwa kwenye fremu ya mbao na kukwanguliwa tena ikiwa imekazwa, hadi ikauke nyembamba na ngumu. Haitiwi dawa ya magome kama ngozi ya viatu. Kukaushwa ikiwa imevutwa ndiko kunakoifanya iwe hivyo. Sasa itazame ngoma: ngozi mbichi, imewambwa, imekauka. Ndugu wa damu. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mafundi wa Ethiopia, wanaotengeneza vitabu vya ngozi ya mbuzi hata leo, nadhani wangecheka kwa kuitambua kazi yao.

Kwa nini basi ngozi huku ilipigwa na haikuandikwa? Sababu mojawapo ni ndorobo, yaani mbung'o. Misitu ya miyombo ya Ukonongo na Ubende ilikuwa nchi ya mbung'o, na ng'ombe hawakuishi humo. Katika miaka ya 1920 hata watu walihamishwa na kukusanywa pamoja kwa sababu ya malale. Kitabu cha ngozi kinahitaji zizi zima: inakadiriwa kwamba nakala moja ya Biblia ya Gutenberg iliyochapwa kwenye ngozi ilimeza ndama wapatao 170. Kilichokuwa tele hapa ni magome, na kwa magome watu walitengeneza mizinga ya nyuki na vilindo vya kuhifadhia mali. Mafunjo nayo yalikuwepo: maji ya mto Ugalla huingia Malagarasi, na mabwawa ya huko yamejaa mmea uleule wa Misri. Hakuna aliyeugeuza kuwa ukurasa.

Maandishi yalipofika yalikuja yakiwa tayari kwenye karatasi, mizigoni mwa misafara. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walianza kujenga ngome mwaka 1879, na mwaka 1885 wakaikabidhi kwa Mapadre Weupe. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, alikwisha kuwaagiza wamisionari wake waandike shajara ya kila siku katika kila kituo. Mwaka 1889 akafika Adrian Atiman, tabibu aliyezaliwa kando ya mto Niger, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kusomeshwa udaktari Malta. Alitibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Kwao kulikuwa jirani na Timbuktu, mji wa maelfu ya miswada, na hiyo nayo mingi iliandikwa kwenye karatasi iliyosafiri mbali.

Leo wafugaji wa Kisukuma wamehamia Katavi na makundi makubwa ya ng'ombe, na ngozi si haba tena. Madaftari bado yanatoka mbali, kwa lori na kwa treni ya Kaliua.