Tarakimu Bainifu na Ploti ya Hamsini kwa Mia

Ploti nyingi za Kabiria, Nairobi, kama zilivyo za Riruta na Waithaka jirani, huuzwa kwa jina la hamsini kwa mia. Ni futi hizo, ingawa dalali hajisumbui kulitaja neno lenyewe. Mteja akidadisi zaidi, ataambiwa ni thumuni ya ekari. Mpima ardhi atakuja na mita zake. Hati miliki nayo, yenye nambari inayoanza na Dagoretti/Riruta, itaandika hekta, tuseme 0.045. Kipande ni kimoja, vizio ni vinne, na kila anayesema anasema kitu tofauti kidogo na mwenzake, pengine bila hata mmoja wao kudanganya.

Tofauti hizo ndizo zinazoelezwa na istilahi ambayo wanafunzi wengi wa Kenya wamekutana nayo kidato cha pili, katika sura ya pili ya vipimo, kwa jina la “significant figures”. Fizikia hufunzwa kwa Kiingereza, kwa hiyo waliikariri hivyo hivyo, wakaifanyia mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wakaachana nayo. Anayetaka kuisema kwa Kiswahili huitafsiri tarakimu muhimu, au tarakimu za maana. Mimi nasema tarakimu bainifu, na sababu zangu zimo ndani ya hiyo ploti.

Tuanze na hesabu. Tangu makubaliano ya mwaka 1959 kati ya Marekani, Uingereza na nchi nyingine chache zinazosema Kiingereza, futi moja ni mita 0.3048 kamili. Hiyo si namba ya kupimwa bali ya kuafikiwa, kwa hiyo haina shaka yoyote ndani yake, kama vile idadi ya vyumba au ya wapangaji isivyo na shaka. Futi 50 zinakuwa mita 15.24, futi 100 zinakuwa 30.48. Zidisha kwenye simu upate mita mraba 464.5152.

Namba hiyo inavutia, na ni ya uongo. Ile 2 ya mwisho inadai kwamba tumepima ardhi hadi sentimita mraba mbili, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, mahali penye matope, ua wa mabati uliopinda na mwavokado uliootea mpakani. Kama utepe ulisomwa hadi sentimita, kila upande una tarakimu nne tulizozipima, na jawabu halistahili zaidi ya nne: 464.5. Utepe ukisomwa hadi sentimita kumi tu, pande zitakuwa 15.2 na 30.5, na eneo ni 464. Kanuni ya darasani ndiyo hiyo: jawabu la kuzidisha au kugawanya hubaki na idadi ya tarakimu sawa na ya kipimo kilichokuwa na chache zaidi. Ni kanuni ya haraka haraka, haichukui nafasi ya kukokotoa kosa lenyewe, lakini humzuia mtu kutangaza asichokijua. Na aliyepima kwa hatua za miguu hana haki ya kutamka nukta yoyote.

Sasa tuitazame hati. Anayeandika 0.045 anasema eneo liko kati ya hekta 0.0445 na 0.0455, yaani mita mraba 445 hadi 455. Nafasi ya shaka ni mita mraba kumi. Kwingineko hiyo ni hewa tu. Kabiria, ambako nyumba za kupangisha ni chumba kimoja kimoja cha futi kumi kwa kumi, chumba kama hicho ni mita mraba 9.3. Shaka iliyojificha katika tarakimu ya mwisho inatosha kumlaza mpangaji, na kodi yake kila mwezi.

Mtu akiamua kufupisha zaidi, aandike 0.05, mambo yanaharibika kabisa. Thumuni ya ekari ni mita mraba 506 hivi. Hamsini kwa mia ni 464 na ushei. Tofauti yake ni futi mraba 445, vyumba vinne na nusu karibu. Ukibakiza tarakimu moja bainifu, zote mbili zinageuka hekta 0.05, na dalali anapata namba ya kutetea neno lake. Sheria yenyewe haimdanganyi mnunuzi: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema ramani ya usajili huonyesha mipaka ya makadirio tu, isipokuwa pale mipaka ilipowekwa rasmi kuwa thabiti. Neno makadirio lipo. Wanaolisoma ni wachache.

Ndipo narudi kwenye jina. Katika 0.045 zimo sufuri mbili za mwanzo. Ni muhimu? Muhimu mno: ziondoe pamoja na nukta, ploti inakuwa hekta 45. Lakini hazihesabiwi, kwa sababu kazi yake ni kuonyesha nukta iko wapi. Badili hekta ziwe mita mraba nazo zinatoweka, zinabaki 4 na 5. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba sufuri hizo si muhimu, au hazina maana, ana haki ya kubisha. Kubainisha ni jambo jingine. Tarakimu bainifu ni ile ambayo kipimo chenyewe kimeibainisha, kizio chochote kitumike. Wanaisimu wamelizoea neno hili katika sifa bainifu za sauti, na sioni kwa nini wanafizikia wasiliazime.

Jina hili linasaidia hasa kwenye sufuri za mwisho, ambazo huwatesa wanafunzi kuliko kitu kingine. 0.0450 si sawa na 0.045. Ile ya kwanza ina tarakimu bainifu tatu, inadai eneo liko kati ya mita mraba 449.5 na 450.5, na hakuna anayeweza kuiandika kwa haki bila kumlipa mpima ardhi mwenye vifaa. Huku “futi mia” ya dalali haisemi kitu: huenda ina tarakimu bainifu moja, mbili au tatu, na Kiswahili cha kuzungumza hakina njia ya kututofautishia. Anayetaka kuondoa utata ataandika 1.00 × 10² akiwa amepima hadi futi moja, au 1 × 10² akiwa amepima kwa jicho.