Kutoka Adhabu ya Ukoo Hadi Kifungo cha Nje: Historia ya Probesheni Isiolo

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kutawala wilaya za kaskazini mwa Kenya, Isiolo ikiwemo. Kwa sheria hiyo, mkuu wa mkoa aliweza kulitangaza kabila zima kuwa adui, akaamuru watu wake wakamatwe na mifugo yao ichukuliwe. Kijana mmoja akivamia boma la watu na kutoroka na ngamia, hakubeba mzigo huo peke yake. Waliubeba pia baba zake wadogo, wajomba zake na majirani ambao hata hawakujua alikolala usiku ule. Sheria hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 60, hadi ilipofutwa 1997.

Mwaka uliofuata, Bunge la Kenya likapitisha Sheria ya Huduma kwa Jamii, iliyompa hakimu njia ya kumwacha mkosaji akae kwao na kufanya kazi ya umma badala ya kumpeleka jela. Jamaa na majirani walewale ambao zamani wangeadhibiwa kwa kosa la kijana wao, sasa wakaombwa wasaidie kumsimamia. Mgeuko huo ndio kiini cha historia ya probesheni, yaani uangalizi wa mkosaji nje ya jela, katika Isiolo, na ndio unaoeleza kwa nini ofisi ya probesheni huko haiwezi kuendeshwa kama ile ya Nairobi.

Probesheni yenyewe ilizaliwa mbali. Mwaka 1841, fundi viatu wa Boston, Marekani, aitwaye John Augustus, alisimama mahakamani akamdhamini mlevi aliyekuwa anasubiri kufungwa. Alipomrudisha kortini wiki chache baadaye, mtu yule alikuwa amebadilika, na hakimu akamtoza faini ndogo tu. Augustus aliendelea na kazi hiyo ya hiari hadi alipofariki 1859. Jimbo la Massachusetts likaitungia sheria 1878, Uingereza ikafuata 1907, na kupitia kwa Waingereza mpango huo ukafika Kenya. Sheria ya hapa ilitungwa 1943, na huduma yenyewe ikaanza kazi 1946.

Kabla ya hapo, mahakama ilikuwa na njia chache za kumshughulikia mtoto au kijana aliyekosa. Iliyotumika sana ni viboko. Wengine walipelekwa Kabete, kwenye shule ya kurekebisha tabia iliyoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na wengine waliingizwa jela pamoja na watu wazima. Sheria mpya ilileta kitu ambacho havikuwa nacho viboko wala jela: muda wa kujirekebisha nyumbani. Tangu hapo hakimu anaweza kumweka mkosaji chini ya uangalizi kwa miezi 6 hadi miaka 3, akiwa anaishi kwao, na afisa wa serikali akifuatilia mwenendo wake.

Sheria hiyo ina sharti moja ambalo Wakenya wengi hawalifahamu. Kabla ya kutoa amri, mahakama lazima imweleze mkosaji kwa lugha ya kawaida maana ya kifungo hicho cha nje, yaani probesheni, na yatakayompata akikivunja, na mkosaji lazima akubali. Katika mji wa Isiolo, wanakokutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, sharti hilo ni kazi ya kila siku ya mkalimani wa korti. Kijana asiyeelewa alichokubali hawezi kukitimiza.

Lakini kwa miongo mingi kaskazini ilitazamwa kwa jicho la ulinzi kuliko la urekebishaji. Tangu 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo makao yake makuu yalikuja kuwa Isiolo, ilifungwa: huingii wala hutoki bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, kati ya serikali na wapiganaji waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vilivyoendelea hadi 1967. Waborana wa Isiolo walikusanywa katika kambi kama zile za Garbatulla na Merti, na mifugo yao ikafa kwa maelfu kwa kukosa malisho. Wazee wao bado wanakiita kipindi hicho Gaafa Daaba, na familia nyingi hazikupata tena mali zilizopoteza wakati ule. Hali ya hatari iliyotangazwa kaskazini enzi hizo iliondolewa rasmi 1991 tu. Kizazi kizima kilikua kikimjua mtu wa serikali kama mwenye bunduki na kizuizi cha barabarani. Afisa wa probesheni anayebisha hodi leo anairithi kumbukumbu hiyo, apende asipende.

Mabadiliko yalikuja kwa kasi kuanzia miaka ya 1990. Zimbabwe ilianza mpango wa huduma kwa jamii 1992, na mkutano wa Kampala wa 1996 kuhusu hali ya magereza ya Afrika ukazihimiza nchi nyingine kuiga. Baada ya sheria ya Kenya ya 1998, Sheria ya Watoto ikapitishwa 2001, na 2003 adhabu ya viboko ikaondolewa mahakamani. Katiba ya 2010 ikasema kwamba mtoto atazuiliwa pale tu ambapo hakuna njia nyingine, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 ikapandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12.

Karatasi za sheria ni jambo moja, na kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 25,000 ni jambo jingine. Nairobi ingeingia ndani ya Isiolo takriban mara 36. Hapo ndipo mkuu wa ofisi anapokuna kichwa: gari liende Oldonyiro au Kinna? Mafuta yaliyopo yatafika Merti na kurudi? Kijana yupi aonwe nyumbani, na yupi atosheke na kuripoti kwa chifu?

Tuseme mvulana wa miaka 16 amepatikana na hatia ya wizi wa mbuzi. Kabla ya hukumu, afisa huenda kwao. Anauliza nani mkubwa wa nyumbani, mvulana aliacha shule lini na kwa nini, anatembea na kina nani. Anamsikiliza chifu, kisha anaenda kwa mwenye mbuzi, kwa sababu naye ni jirani na atalazimika kuishi na hukumu hiyo. Yote hayo anayaandika katika ripoti kwa hakimu. Mvulana akipewa kifungo cha nje, kazi ngumu inaanza: kiangazi kikishika, ngamia hupelekwa fora, mbali na nyumbani, na wanaowapeleka ni vijana wa umri huohuo. Afisa akifika bomani anamkuta mama peke yake. Je, kijana ametoroka, au ametumwa na baba yake?

Jibu hilo halimo katika faili. Wanalo wazee wanaojua mifugo imeelekea kisima gani, na ndiyo maana uangalizi wa Isiolo hauendi bila wao. Katika miaka ya 2000, Kenya ilianza kutumia maafisa wa probesheni wa kujitolea, kwa kujifunza kutoka Japani, ambako raia wanaofanya kazi hiyo walitambuliwa kisheria 1950. Kwa kaunti za wafugaji, mpango huu unafaa zaidi kuliko kwingine kokote, kwani mzee wa kijiji ana macho mahali ambapo gari la ofisi halifiki.

Hata hivyo wazee hawawezi kuachiwa kila kitu. Mapatano ya koo, kama Azimio la Modogashe la 2001, yamesaidia kutuliza visasi vya wizi wa mifugo, lakini fidia inayolipwa na ukoo yaweza kumwacha kijana mwenyewe vilevile alivyokuwa. Na kosa la ngono dhidi ya msichana halimalizwi chini ya mti kwa mifugo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inalihesabu kuwa kosa la jinai, na mahali pake ni kortini. Kazi ya afisa ni kuuheshimu ukoo bila kumsahau aliyeumizwa.

Njia mbadala tunaijua. Taasisi za Borstal, yaani vituo vya kuwafungia wavulana waliokosa, ziko Shikusa, Kakamega, na Shimo la Tewa, Mombasa. Kutoka Isiolo hadi Mombasa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 700, safari ambayo mama wa Garbatulla hawezi kuimudu kila mwezi. Mvulana anayefungiwa huko kwa miaka mitatu atarudi akiwa mgeni kwao, hajui mifugo wala hana marafiki isipokuwa wa kifungoni.

Serikali ilipotaka kuuadhibu ukoo, ilipata malori na askari wa kufika hadi kisima cha mwisho. Kuusaidia ukoo huohuo kunahitaji kidogo zaidi ya pikipiki, mafuta ya kutosha, nauli na posho ya wazee wa kujitolea, na afisa anayekaa Merti na Oldonyiro badala ya kuzitembelea tu. Bajeti ya namna hiyo iwekwe mezani sasa, maana sheria imekwisha kuwapa vijana wa Isiolo nafasi, na wazee wao wako tayari kuisimamia.