Nani Huvamia? Istilahi ya Kiswahili na Historia ya Gugumaji, kutoka Kibuli hadi Ziwa Viktoria

Chini ya kilima cha Kibuli, mfereji wa Nakivubo hupita eneo la viwanda na Namuwongo, ukaishia katika Ghuba ya Murchison, karibu na Port Bell. Katika miaka ya 1990 gugumaji lilitanda katika ghuba hiyo, likazuia vivuko na wavuvi. Majitaka ya jiji yaliyobebwa na mfereji yalilirutubisha, lakini hayakulileta. Makala hii inachunguza njia zilizolileta, na inadai kuwa istilahi yetu inazificha.

Kiswahili cha kitaalamu huliweka gugumaji miongoni mwa "spishi vamizi". Kitenzi vamia kinaupa mmea nia na miguu, navyo haunavyo. Asili ya gugumaji ni Amerika ya Kusini. Lilifika Misri mwishoni mwa karne ya 19. Nchini Rwanda lilipandwa kama ua la mapambo wakati wa utawala wa Wabelgiji, kisha mto Kagera ukaliteremsha hadi Ziwa Viktoria. Maji yalikamilisha safari iliyoanzishwa na mikono ya watu.

Nchini Uganda lilitambuliwa kwanza katika Ziwa Kyoga mwaka 1988, na katika Ziwa Viktoria mwaka uliofuata. Hata hivyo, mto Nile hutiririka kutoka Viktoria kwenda Kyoga. Kwa hiyo, ama mmea ulipita Viktoria bila kutambuliwa, ama watu waliufikisha Kyoga. Kwa vyovyote vile, ukaguzi ulichelewa.

Wataalamu wa Namulonge walizalisha fukusi wa jenasi Neochetina, ambao waliachiliwa Kyoga mwaka 1993 na Viktoria mwaka 1995. Fukusi hao walikuwa wamejaribiwa ili kuthibitisha kuwa hawangeshambulia mazao. Mwishoni mwa muongo huo gugumaji lilipungua sana, ingawa baadhi ya watafiti huzihusisha pia mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Mdudu aliyeletwa kwa makusudi alipimwa kwanza. Kinachobebwa bila kukusudia hakina mlinzi wa namna hiyo. Kipande cha mmea kilichonasa wavuni, au mbegu iliyo katika tope la mashua ya mchanga, chaweza kuanzisha kundi jipya. Mbegu hudumu topeni kwa miaka mingi. Hata mtambo wa kuvunia magugu, usipooshwa, waweza kuyaeneza.

Tahadhari inayohitajika ni nyepesi: vyombo vikaguliwe, vioshwe na vikaushwe kabla ya kuhamishiwa maji mengine. Lakini agizo linalobaki katika Kiingereza cha ripoti halimfikii mvuta wavu. Kibuli, penye chuo cha mafunzo ya polisi, hutukumbusha kuwa Kiswahili kimekuwa lugha ya amri na kazi nchini Uganda tangu zamani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, vibali vya uvuvi, uchimbaji mchanga na uondoaji magugu viwe na sharti la kuosha vyombo, lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiganda. Pili, istilahi "uenezaji usiokusudiwa" itumike sambamba na "spishi vamizi", kwani humrejesha mwenezaji katika sentensi, na sera humhitaji hapo.